Je, Bei Tunayodai Ndiyo Thamani ya Kitu?

Mwaka 2018 wataalamu wanne wa elimu ya uchumi huko Marekani waliwauliza watumiaji wa Facebook swali la ajabu: Mtadai kiasi gani ili mkae mbali na mtandao huu kwa majuma manne? Wengi walidai fedha nzuri. Kati ya waliokuwa radhi kupokea takribani dola 100, baadhi walilipwa wafunge akaunti zao, na wengine wakaachwa waendelee, ili hali za makundi hayo mawili zilinganishwe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wale waliofunga walipata kama dakika 60 zaidi kila siku. Muda huo waliutumia kwa kukaa na jamaa na rafiki, na pia (tusifiche ukweli) kwa kutazama televisheni peke yao. Nafsi zao zilipata utulivu zaidi, ingawa nyongeza hiyo ilikuwa ndogo. Na habari za dunia walizijua kwa uchache kuliko wenzao. Lakini walipoulizwa tena bei yao baada ya majuma yale, ilikuwa imeshuka.

Hapa ndipo penye swali letu. Wako wasemao kwamba mtu mzima hujua limfaalo. Akidai bei kubwa ili akiache kitu, basi kina faida kwake kadiri ya bei hiyo. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Lakini mwulize mtafuna tambuu, hali tambuu imo kinywani, akutajie bei ya kuiacha. Atakutajia uzito wa kuacha. Faida ya kutafuna hajakutajia bado. Mambo haya mawili hufanana sana kwa mtu ambaye hajapata kuacha hata siku moja, na kwa sababu hiyo ushuhuda wake juu ya nafsi yake mwenyewe una upungufu.

Tena kitu chenyewe kimefanywa kisitupe nafasi ya kujiuliza. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na chakula kikiisha twaona kitako cha sahani. Mwaka 2006 mhandisi Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri kidole kinavyousogeza. Baadaye akakiri hadharani kwamba amejutia kazi yake. Pasipo na mwisho, mtu haamui kuendelea. Huendelea tu.

Simwambii aliye Muscat au Toronto, mwenye mama yake Tabora, avunje simu yake. Sauti ya mama ikija kwa WhatsApp ni barua, na barua ina mwandishi na ina mwisho. Nasema habari ya saa ile nyingine, ambayo ukiulizwa asubuhi uliona nini ndani yake huna la kujibu.

Nami sikuandika haya kama mtu aliyeokoka. Jioni ya kwanza nilipoiacha simu chumbani na kukaa barazani, mkono wangu uliingia mfukoni mara nyingi hata nikaona haya. Mwanangu alinitazama, kisha akauliza kwa huruma kama betri imekwisha. Nikamwambia la. Akasogeza kigoda chake karibu, akaanza kunieleza ugomvi uliotokea shuleni siku tatu zilizopita.