Plagi Mkononi mwa Tomaso

Kitabu cha Datsun 240Z kinataka pengo la plagi liwe kati ya milimita 0.8 na 0.9. Fundi wa jua kali mjini Busia, aliyezoea Probox na pikipiki za Boxer, anaweza kuimaliza kazi hiyo bila kitabu. Anapenyeza kipande cha msumeno wa chuma kwenye pengo, anaigonga ncha ya pembeni kwa mpini wa bisibisi, anainua plagi juani na kufumba jicho moja. Basi. Akiulizwa amejuaje kwamba inatosha, atasema ndivyo alivyofundishwa. Mwenye gari naye akiulizwa amejuaje kwamba 0.8 ndiyo sahihi, atasema ndivyo kitabu kilivyoandika. Kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ni mtu wa kuamini tu, na wote wawili wana haki.

Swali linalowagonganisha ni la zamani kuliko injini: aliyeambiwa jambo, je, analijua?

Gari lenyewe si mgeni pande hizi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z, na nyuma yake, kwa gari la aina hiyohiyo, akaja Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Mwaka 1973 akashinda kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Uswidi, hata ikabidi kanuni ya kutenganisha waliofungana itumike. Magari ya rika hilo bado yanaonekana katika mashindano ya magari ya zamani ya Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003.

Mwenye gari kama hilo akikwama Busia, kazi ya kwanza ni kuchagua plagi, na hapo imani inaanza kudaiwa hata kabla pengo halijafikiwa. Injini yake ya L24 ina silinda sita na inakwenda vizuri na NGK BP6ES. B ni uzi wa milimita 14. P ni kauri iliyochomoza. 6 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa uzi, milimita 19. S ni ncha ya kawaida yenye kiini cha shaba. Sasa muuzaji hana BP6ES ila anayo BP6HS, naye anaapa kwamba ni kitu kimoja. Herufi moja tu! Lakini H ni uzi wa milimita 12.7. Plagi hiyo itaingia, itakaza, na gari litawaka. Kumbe cheche inarukia ndani ya shimo badala ya kwenye chumba cha moto, na nyuzi za hedi zilizobaki wazi zinashika masizi. Siku plagi ndefu itakaporudishwa, itayakuta masizi hayo njiani, na hedi ya L24 ni ya alumini laini.

Tarakimu nayo ina mitego yake. Kwa NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Kwa Bosch, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Ni kama madhehebu mawili yanayosoma namba zilezile na kutoka na mafundisho yanayopingana, na muumini anayechanganya vitabu ndiye anayeungua. Kuungua huko si kwa mafumbo: ncha ya plagi ikishuka chini ya nyuzi joto 450 hivi, haijisafishi masizi, ikipita 800 na ushei, inawasha mchanganyiko kabla ya wakati na inaweza kutoboa pistoni.

Tukirudi kwenye pengo, jicho la fundi lina mshitaki mkubwa. Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, aliandika katika maelezo ya maisha yake jinsi alivyoona watoto wa Kikristo wakikua Wakristo, wa Kiyahudi wakikua Wayahudi na wa Kiislamu wakikua Waislamu, akaanza kushuku ujuzi wa kurithi. Akasema ataamini anachokiona. Lakini jicho linaiona nyota kuwa ndogo kama dinari, ilhali hesabu inathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Jicho likaangushwa na kipimo. Yule fundi wa Busia angeisikia hoja hiyo mara moja, kwa sababu kipande chake cha msumeno kina unene wa kama milimita 0.6. Kwa mwanga wa jua, 0.6 na 0.8 ni mapacha. Ndani ya silinda si mapacha hata kidogo: pengo dogo linatoa cheche fupi, mchanganyiko hafifu unashindwa kushika, na gari linatetemeka likiwa limesimama.

Kwa hiyo inunuliwe fila geji ya kupimia pengo. Vizuri, lakini fila geji hiyo imelala kwenye meza ya muuzaji yuleyule aliyeapa kwamba H na E ni kitu kimoja. Bapa lake limeandikwa 0.80. Nani amelipima? Kiwanda. Nani amekipima kiwanda? Mtu anaweza kupanda ngazi hiyo hadi Shirika la Viwango la Kenya na zaidi ya hapo, na kila kidato atakuta neno la mtu mwingine. Ghazali mwenyewe alifika mahali hata akili ikamtia shaka, na anasimulia kwamba hakuokolewa na hoja bali na nuru ambayo Mungu aliitia moyoni mwake. Wahandisi hawana idara ya nuru. Lakini wao pia wanasimama mahali fulani na kusema: hapa panatosha.

Mpakani kama Busia watu huchoka upesi na shaka isiyo na mwisho, kwa kuwa wanaishi kwa kuaminiana. Mwenye kubadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda hampimi kila mteja, na mteja hakagui kila noti. Hata hivyo hakuna mahali ambapo kutia mkono kumeheshimika kama sokoni. Wanunuzi wa mahindi wamezoea kuing'ata punje kujua kama imekauka, na Machi 2021, Kenya ilipoyazuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu inayostawi penye unyevu, meno hayakutosha tena: kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hakuna jino linalosoma nusu ya asilimia. Waislamu wa Busia wanaijua habari ya Mtume alipopita sokoni Madina, akaingiza mkono katika lundo la chakula na vidole vyake vikakuta majimaji chini ya ukavu wa juu. Hakuanza kwa kumtuhumu muuzaji. Alianza kwa kutia mkono.

Wakristo nao wana Tomaso, ambaye mahubiri mengi yamemfanya mfano wa aibu. Ni kumwonea. Alitaka kuona alama za misumari mikononi mwa Yesu aliyefufuka, akapewa nafasi ya kuzigusa, wala hakufukuzwa. Injili ya Yohana haisemi hata kama aligusa kweli. Mnunuzi wa plagi anayefungua boksi, akapitisha kidole kwenye uzi kusikia kama umekwaruza, akatazama kama maandishi kwenye kauri ni safi na kama washa inachomoka ovyo, hamtukani muuzaji. Plagi bandia zipo, na Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Muuzaji mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi na kidole hicho, maana bila kupimwa, uaminifu wake na ulaghai wa jirani yake vinauzwa bei moja.

Si mbali na Busia, Ugenya, alizaliwa mwaka 1944 mtu ambaye angependa kukaa kwenye gereji hiyo: Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kulikuwa na wasomi waliodai kwamba Afrika ya jadi ilikuwa na mila tu, haikuwa na falsafa. Oruka akaenda kuwahoji wazee, miongoni mwao Paul Mbuya Akoko, na matokeo yakatoka katika kitabu cha mwaka 1990. Humo aliwagawa wenye hekima makundi mawili: wanaojua vizuri yale ambayo jamii yao inaamini, na wanaoyajua kisha wakayauliza maswali. Kusoma au kutosoma hakukuwa mpaka. Ukiuweka mgawanyo huo mezani, mwenye kitabu cha Datsun anaweza kuangukia kundi la kwanza, na fundi wa msumeno likampokea la pili, kama siku moja aliuliza kwa nini gari hili linatetemeka na lile halitetemeki.

Chombo cha kuulizia anacho mkononi. Plagi iliyotumika hueleza: kauri ya kahawia nyepesi ni afya, masizi makavu meusi ni mafuta mengi kuliko hewa, nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Busia iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja kati ya kumi. Kabureta zilizorekebishwa Pwani zitamwaga petroli ya ziada, na plagi zitasema hivyo kwa weusi. Hapo anayekimbilia plagi ya moto zaidi anatibu ushahidi. Kabureta ndiyo ya kurekebishwa kwanza. Na kama pointi za mfumo wa kuwashia zimeondolewa na mfumo wa elektroniki wenye koili ya nguvu umewekwa, 0.8 ya kitabu si amri tena. Milimita 1 na kidogo inawezekana, kwa sababu aliyeandika kitabu alikuwa anaizungumzia koili nyingine.

Lakini Peter Bodunrin wa Nigeria alimrushia Oruka pingamizi lisilopuuzwa: mzee anapojibu maswali ya profesa, hekima inayotoka ni ya nani? Huenda swali ndilo limeitengeneza. Plagi ina tatizo hilohilo. Gari lililokaa saa nzima kwenye foleni ya Malaba nyuma ya malori ya kontena, injini ikinguruma bila mwendo, litatoa plagi nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Anayezisoma pale anaisoma foleni. Mafundi wa magari ya mashindano wana njia yao: gari likimbizwe kwa gia kubwa, swichi izimwe klachi ikiwa imekanyagwa, liserereke mpaka lisimame, plagi zitolewe hapohapo. Njia ya Malaba kwenda Bungoma ina sehemu za kufaa asubuhi na mapema, kabla malori hayajaamka. Hata hizo zitatoa jibu la mwendo mmoja, wa siku moja, na mwenye gari atalazimika kuamua kama atarudi gereji kulitumia au atauliza tena.