Sikumjua hata Jina

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, kulikuwa na mtoto wa kama miaka 13 aliyezoea kukaa nyuma ya sakristia wakati wa katekesi. Haingii, haondoki. Siku moja nikamfukuza: "Hapa si kijiweni!" Miezi michache baadaye nikasikia amekamatwa na wenzake kwa wizi wa simu.

Ndiyo maana nikisoma habari za Don Bosco, najikuta upande mbaya. Ni Desemba 8, 1841, mjini Torino, kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Padre huyu ana miezi sita tu ya upadre, anavaa kwa ajili ya Misa. Kijana fundi ujenzi, Bartolomeo Garelli, amesimama sakristia. Mhudumu anamwambia atumikie Misa, hajui, anapigwa na kutimuliwa. Don Bosco akaagiza aitwe, kwamba huyo ni rafiki yake. Wala hakuwa anamfahamu! Baada ya Misa akamuuliza taratibu. Wazazi? Wamekufa. Kusoma? Hajui. Mbona haendi katekesi? Anaona aibu kukaa na watoto wadogo wanaojua kuliko yeye. Aibu tu, jamani. Ana miaka 16.

Padre Cafasso ndiye aliyempeleka Don Bosco kwenye magereza ya Torino. Humo alikuta vijana wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wanaoza. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba wengine walitoka na nia njema kabisa, halafu wakarudi walewale. Nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea.

Basi akaamua kuwawahi kabla ya pingu. Aliwapa uwanja wa kucheza, katekesi, masomo ya jioni, na katikati ya wiki aliwafuata kazini kuwajulia hali. Miaka ya 1850 akasimamia mikataba yao na mafundi: tajiri amfundishe kijana kazi, amwonye kwa maneno na si kwa kipigo, na sikukuu amwache apumzike. Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Mimi nilikesha na Aristotle nikijifunza kwamba tabia hujengwa tangu utotoni, na mtoto mwenyewe yuko nyuma ya ukuta wangu.

Wiki iliyopita nilienda kwao. Ameachiwa, yuko chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Mama yake alinipa kigoda. Yeye hakutaka kunitazama. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza jina lake. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akalitaja.

Nimemwambia Jumamosi saa tisa nitakuwa uwanjani na mpira. Sijui kama atakuja. Kama kuna kaka au mzee kwenye jumuiya yako mwenye karakana ya useremala na nafasi ya mwanafunzi mmoja, naomba anitafute baada ya Misa ya kwanza.