Kamera iangalie barabara, isiingie uani kwa jirani

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kuyaona ya dhahiri na ya siri. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, kamera za ulinzi si jambo la Dar es Salaam na Nairobi peke yake tena. Hata huku kwetu Nakwa, Babati, mwenye duka anafikiria kuifunga juu ya mlango, na msikitini watu wanaulizana. Je, dini inasemaje?

Kulinda nafsi na mali ni katika makusudio makuu ya Sharia. Kamera inayoangalia barabara, soko au stendi ni sababu halali, kama kufuli na mlinzi. Alipotekwa Mohammed Dewji jijini Dar es Salaam, Oktoba 11, 2018, polisi walionesha hadharani picha za kamera za gari walilosema lilitumika.

Lakini mpaka upo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah amekataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Tazama mpangilio huo: anayemdhania mwenzake vibaya humchunguza, na akipata kitu hukitangaza.

Waislamu wa Birmingham, Uingereza, waliyaonja hayo. Mwaka 2010 mitaa yao ya Sparkbrook na Washwood Heath iliwekewa kamera zaidi ya 200, nyingine za kificho, wakiambiwa ni za kuzuia uhalifu. Ikabainika kuwa fedha zake zilitoka fungu la kupambana na ugaidi. Wakapinga, polisi wakaomba radhi, na mwaka 2011 kamera zikaondolewa. Kilichowaumiza ni kudhaniwa vibaya wote na kufichwa ukweli.

Kwa hiyo, anayefunga kamera azingatie haya. Kwanza, aweke tangazo, watu wajue. Pili, asiielekeze uani kwa jirani wala mahali wanapotawadhia kina mama. Tatu, picha zisisambazwe kwenye simu. Akionekana mtuhumiwa, zipelekwe polisi, si kwa kundi lenye mawe na matairi. Picha yenye ukungu inaweza kumuua asiyehusika, na damu hiyo itaulizwa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imemwekea mipaka anayekusanya taarifa za watu.

Mwisho, tusiitegemee kamera kupita kiasi. Katika shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, kamera ziliwanasa wauaji, zikawanasa pia askari waliokwenda kuokoa wakitoka dukani na mifuko ya bidhaa. Kamera ilirekodi, haikumzuia mtu. Kinachozuia ni taqwa, na hiyo hufundishwa nyumbani na madrasa. Suratul Qaaf imetukumbusha kuwa kila neno tunalotamka lina mwangalizi aliye tayari kuliandika. Umeme ukikatika Babati, kamera huzima. Malaika hao hawazimiki.

Allah atulinde, atusitiri na atupe hofu Yake. Amin.

Mwandishi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Nakwa, Babati.