Mfumo Umekubali

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkaazi wa Likoni, aliingia saiba jioni ya mwisho kabla ya kufungwa kwa maombi ya bahati nasibu ya viza za Marekani. Mkononi alikuwa na picha ya pasipoti aliyopigwa mwezi uliotangulia, ile ya milimita 35 kwa 45. Kijana wa saiba akaiskani, akaipakia kwenye fomu, ikakataliwa. Fomu ilitaka picha ya mraba, isiyopungua pikseli 600 kwa 600, na faili lisizidi kilobaiti 240. Picha ya Mwalimu ilikuwa na upana wa pikseli 413 na urefu wa 531.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Hii ni kazi ya dakika moja."

Akafungua Photoshop, akaenda kwenye sehemu ya ukubwa wa picha, akabofya kile kialama cha mnyororo kinachofunga upana na urefu viende sambamba. Mnyororo ukafunguka. Akaandika 600 kwenye upana, 600 kwenye urefu, akahifadhi, akapakia tena. Safari hii maandishi mekundu hayakutokea.

"Umeona? Mfumo umekubali."

Mwalimu akalipa, akakunja karatasi yenye namba yake ya uthibitisho, akakimbilia feri.

Kijana hakuikata picha ile. Aliivuta. Anayekata picha huondoa sehemu za pembeni, na kinachobaki hubaki kilivyokuwa. Anayebadili ukubwa huigusa picha yote: programu huihesabu upya kutoka ukingo hadi ukingo, na mnyororo ule umewekwa hapo ili upana usiende njia yake na urefu njia yake. Ukiufungua, programu haikuulizi kama unachobadilisha ni uso wa mtu au ukuta. Upana wa picha ya Mwalimu ulikuzwa karibu mara 1.45, urefu mara 1.13 tu, kwa hiyo uso wake ukawa mpana kwa zaidi ya robo kuliko alivyoumbwa. Mashavu yalitanuka kama chapati iliyosukumwa upande mmoja.

Fomu isingeweza kuliona hilo. Ilipewa kazi ya kuhesabu pikseli na kupima uzito wa faili, na hesabu ilitimia. Wala simlaumu sana kijana. Foleni ilikuwa nyuma yake, na katika kazi ya saiba kilio cha mteja huisha pale maandishi mekundu yanapotoweka. Aliyemfundisha kazi pengine alimfundisha hivyo hivyo.

Lakini hata angekata kwa uaminifu, picha ile isingefaa, na hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwa nini. Masharti ya bahati nasibu hiyo yanataka kichwa, kuanzia kidevu hadi juu ya nywele, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Picha ndogo ya pasipoti hupigwa kwa kubana, na kichwa cha Mwalimu kilijaza milimita 32 hivi. Kata mraba wa milimita 35 humo, kichwa kinachukua asilimia 91. Acha kukata, ongeza weupe kushoto na kulia mpaka ufikie 45 kwa 45: bado ni asilimia 71. Nafasi iliyotakiwa juu ya kichwa na mabegani haikuwahi kupigwa, na hakuna programu ya kuikata kutoka mahali isipokuwepo.

Dawa ilikuwa ukuta mweupe na simu. Mwalimu angesimama mbele ya ukuta bila miwani, mpigaji arudi nyuma hatua mbili, aache nafasi pande zote. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli kama 3000 kwa 4000. Humo unakata mraba kwanza, hata wa 2000 kwa 2000, ukiusogeza mpaka kichwa kikae panapotakiwa. Ndipo unaupunguza hadi 600, mnyororo ukiwa umefungwa. Kwenye mraba wa 600, kichwa kiwe na urefu wa pikseli 300 hadi 414, na macho yawe pikseli 336 hadi 414 kutoka chini. Ukipenda kufanya yote kwa mkupuo mmoja, kifaa cha kukatia cha Photoshop kinakubali uandike upana na urefu kabla ya kukata, ila uandike "px" baada ya 600, la sivyo programu yaweza kudhani unataka sentimita au inchi, na utashangaa kompyuta inavyogugumia. Na picha isipitie WhatsApp kama picha ya kawaida, maana huko hubanwa na kupoteza pikseli. Itumwe kama faili.

Usiku ule Mwalimu alimwonyesha mumewe picha iliyotumwa.

"Mama Salma, huyu ni nani?"

Asubuhi alivuka tena kwenda saiba. Kijana akamweleza ukweli, safari hii kwa sauti ya chini: ombi likishatumwa halirekebishwi, na akituma la pili kwa jina lake atafutwa kabisa, kwa sababu kila mtu anaruhusiwa ombi moja tu. Lakini mfumo si ulikubali? Akarudi nyumbani na neno hilo.

Mei matokeo yakatoka, naye akawa miongoni mwa walioteuliwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 ilitenga hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa njia hii, na waombaji ni mamilioni, kwa hiyo nyumbani kulipigwa vigelegele na suala la picha likasahauliwa. Ukaja wito wa usaili. Akalipia vipimo vya afya, akapanda basi la usiku hadi Nairobi, akalipa dola 330 za ada zisizorudishwa. Dirishani, afisa aliitazama skrini, akamtazama yeye, akarudi kwenye skrini. Akauliza kama picha ile imebadilishwa kwa kompyuta. Masharti yanakataza picha iliyobadilishwa. Mwalimu hakuwa mwongo. Akasimulia yote, hata jioni ya saiba. Afisa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamnyima viza.

Oktoba iliyofuata aliomba upya. Mumewe ndiye aliyempiga picha, uani, ukuta ukiwa umepakwa chokaa. Mwalimu mwenyewe akakaa kwenye kompyuta ya saiba ile ile, kijana akiwa kando yake, akakata mraba, akapunguza, akapima kichwa: pikseli 352. Macho yalikuwa mahali pake. Ombi likapokelewa, picha ikiwa sawa kwa kila sharti. Mei ilipofika hakuteuliwa, kwa sababu kuteuliwa mwaka mmoja hakumpi mtu upendeleo wowote mwaka mwingine.