NYOTA ZIPASUKAZO NA WAPIGA RAMLI

Ndugu zetu Waislamu,

Kila mwezi upatwapo, twawaona watu wetu wakiwakimbilia wapiga ramli, wakitoa fedha ya chakula cha watoto ili waondolewe nuhusi ya nyota. Hali Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim siku lilipopatwa jua, aliwakanya waliosema kuwa limepatwa kwa msiba ule.

Katika mwaka 396 wa Hijra (1006), huko Misri, Ali bin Ridhwan, aliyekuja kuwa tabibu mashuhuri, aliona nyota ngeni katika buruji ya Akrabu. Akaandika mahali pake na mwangaza wake kwa hadhari, hata wataalamu wa leo wakaitambua kuwa ni nyota iliyopasuka. Kwa hilo twamsifu. Walakini njaa na vita vya zama zake alivinasibisha na nyota ile, na hapo alikosea. Nyota ilikuwa mbali kiasi cha miaka 7,000 ya nuru. Vipi ingepandisha bei ya chakula?

Je, nyota ipasukayo haidhuru kamwe? Hatusemi hivyo. Lau ingepasuka karibu, kiasi cha miaka 30 ya nuru, miale yake ingeiharibu tabaka ya ozoni itukingayo na ukali wa jua, na viumbe vya bara na bahari vingedhurika. Chini ya Bahari ya Pasifiki zimepatikana chembe za chuma zilizotoka katika nyota zilizopasuka mamilioni ya miaka iliyopita. Wala uhai haukukatika. Ibtul-Jauza, ile nyota nyekundu, nayo itapasuka siku moja, lakini i mbali zaidi ya miaka 400 ya nuru. Tena chuma kilichomo damuni mwetu kilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya ardhi kuumbwa.

Basi madhara ya nyota yana sababu, nayo hupimwa kwa hesabu. Hayajui jina la mtu wala la mama yake, ambalo mpiga ramli huanza kwa kuliuliza.

Ndugu zetu, fedha ile tuwanunulie watoto wetu vitabu, wasome falaki ya kweli. Na tumche Aliyeziumba nyota, tusizikhofu nyota.

Wabillahi taufiki.