Chura wa Kihansi na Safina ya Nuhu



Kabla hamjayasoma maneno yetu, tunawasihi msome nyumbani mwenu habari za Nuhu, Mwanzo mlango wa 6 hata wa 9. Nyote mwaijua habari hiyo tangu utoto. Walakini limo neno ndani yake ambalo sisi nasi tulilipita mara nyingi bila kuliona, mpaka kijana mmoja wa darasa la Kipaimara alipotuamsha.

Ilikuwa siku ya Bwana, baada ya ibada, nasi tumekaa barazani pa kanisa hapa Vugiri kungoja mvua ipite. Kijana yule alikuwa amesoma katika simu yake ya kwamba mwezi wa Aprili 2025, huko Marekani, kampuni moja ilitangaza kuwa imemrudisha duniani mbwa-mwitu mkubwa wa kale, aliyetoweka yapata miaka elfu kumi na zaidi. Akatuuliza: "Mchungaji, je, ni halali wataalamu kufanya hivi?"

Mwinjilisti wetu mzee akatangulia kumjibu: "Mjukuu wangu, hao ni wajenzi wa Babeli. Uhai ni wa Mungu peke yake, mwanadamu asiuguse."

Kijana akanyamaza kwa adabu, kisha akasema polepole: "Babu, mimi nilifurahi. Maana kama wanaweza kuwarudisha, basi hatuna haja ya kuhangaika tena kwa ajili ya msitu wetu. Kitakachopotea kitarudishwa."

Ndugu, neno la mzee lilitufikirisha, bali neno la kijana lilituchoma moyo. Sababu yake tutaiungama mbele. Kwanza na tuyaangalie mambo yenyewe jinsi yalivyo, kwani si haki kulihukumu jambo tusilolijua.

Wataalamu wale wa Marekani walisoma chembe za urithi zilizosalia katika jino na fuvu la kale. Kisha wakachukua chembe za mbwa-mwitu wa kijivu, aliye hai hata leo katika nchi za baridi, wakazigeuza mahali ishirini ili zifanane na zile za kale. Mimba zikabebwa na mbwa wa kufugwa, wakazaliwa watoto watatu. Lakini wataalamu wengine wengi wamesema wazi kwamba hao ni mbwa-mwitu wa kijivu waliobadilishwa. Yule wa kale hajarudi. Hata kabla ya hapo, katika nchi ya Hispania, alikuwako mbuzi wa milima ya Pyrenees, ambaye wa mwisho wa jamaa yake alikufa mwaka 2000. Mwaka 2003 wataalamu walimzalisha mtoto kutoka chembe zake zilizohifadhiwa katika baridi kali. Mtoto huyo akafa baada ya dakika chache, kwa sababu mapafu yake yalikuwa na kasoro.

Karibu nasi zaidi, katika nchi ya Kenya, pale Ol Pejeta, wapo faru weupe wa kaskazini wawili tu, Najin na binti yake Fatu. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Wataalamu huchukua mayai ya Fatu na kuyaunganisha na mbegu za madume waliokufa, zilizowekwa akiba, wakitumaini kwamba faru wa kusini atabeba mimba hiyo kwa niaba ya hao wawili wasioweza kubeba.

Lakini katika nchi yetu wenyewe lipo jambo lililokwisha tendeka, nalo latufundisha kuliko hayo yote. Mwaka 1996 wataalamu walikuwa wakilichunguza korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, kwa sababu ya bwawa la umeme lililokuwa likijengwa. Humo walimwona chura mdogo ambaye hakuna mtaalamu aliyepata kumwandika kabla. Rangi yake ni manjano kama dhahabu, urefu wake hautimizi sentimeta tatu, naye hatagi mayai kama vyura wengine, bali huzaa watoto walio hai. Duniani pote makao yake yalikuwa hapo tu, mahali pa ukubwa wa hekta mbili hivi, palipolowa mchana na usiku kwa manyunyu ya maporomoko.

Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto ikaelekezwa kwenye mitambo, nayo manyunyu yakapungua mno. Mwishoni mwa mwaka ule ule vyura 499 walikamatwa, wakapelekwa katika bustani za wanyama huko Marekani ili wawe mbegu. Korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji mahali pa manyunyu ya asili. Mwezi wa Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika elfu ishirini. Baada ya miezi michache walikuwa karibu wamekwisha, na ugonjwa wa kuvu ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Hata kule Marekani wengi walikufa, wakasalia chini ya mia moja, hata watunzaji walipojifunza kuwalea, ndipo wakaongezeka tena. Mwaka 2010 vyura 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2012 kama elfu mbili hivi wakaachiwa katika korongo lao, chini ya mabomba yale.

Tusiwanyoshee kidole waliojenga Kihansi, kana kwamba sisi hatukula tunda lake. Mitambo ile ina nguvu ya megawati 180, na umeme wake huingia katika nyaya zile zile za taifa zinazotuletea taa tunayoandikia barua hii. Hospitali yahitaji taa, na mtoto anayesoma usiku yahitaji amulikiwe. Mtu aweza kutenda jambo jema kwa wengi, na pamoja na hayo akawa na deni kwa mdogo asiye na sauti.

Basi, je, ni halali? Sisi twajibu kwa kumtazama Nuhu.

Mungu aliyeviumba vyote kwa neno lake angaliweza kabisa kuiacha gharika imalize kila kitu, kisha akaumba upya siku ya pili. Hakutenda hivyo. Alimwamuru Nuhu aingize safinani kila namna, wawili wawili, mume na mke, apate kuwaokoa wangali hai. Hili ndilo neno tulilolipita. Yeye aliye na uwezo wa kuumba alichagua kuhifadhi. Tena, wanyama wale hawakuhesabiwa thamani sokoni kwanza. Wasio safi nao waliingia. Bwana Yesu naye, katika Luka 12, ataja ndege wadogo wauzwao kwa senti chache, akasema hakuna hata mmoja wao aliyesahauliwa mbele za Mungu. Chura asiye na bei, aliyekaa kwenye hekta mbili, hakusahauliwa naye.

Kwa hiyo kwa mwinjilisti wetu twasema kwa heshima: Babu, si kila mkono uugusao uhai ni mkono wa Babeli. Mganga wa hospitali naye huugusa, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Wale waliowalea vyura miaka kumi na zaidi katika nchi ya ugeni, kisha wakawarudisha nyumbani, walifanya kazi ya Nuhu. Tena walifanya kazi ya Zakayo, aliyesimama mbele ya Bwana, akaahidi kuwarudishia wote aliowadhulumu. Kurudisha ulichokitwaa, kama kingali kipo, ni tunda la toba. Hata kazi ya faru twaiona upande huo, maadamu mama na binti wangali wanapumua. Ni halali, na ni wajibu.

Lakini kumtengeneza mfano wa mnyama aliyekwisha kufa kabisa, kisha kutangaza kwamba amefufuka, hapo twasema: pimeni maneno yenu. Ezekieli alipoulizwa katika bonde la mifupa kama mifupa ile yaweza kuwa hai, hakusema ndiyo wala siyo. Alilirudisha swali kwa Bwana, kwa kuwa jibu ni lake. Ufufuo ni jina la kazi ya Mungu, aliyoidhihirisha siku ya Pasaka. Kinachotoka katika nyumba za wataalamu chaweza kuwa kiumbe kizuri, tena chenye haki ya kuhurumiwa kama kiumbe chochote. Lakini si yule aliyekufa. Yule tulimpoteza. Mtu aliyefiwa na mwanawe, kisha akazaa mwingine akampa jina lile lile, hufarijika kweli. Walakini kaburi lingali pale nyuma ya nyumba.

Tena, safina haikuwa makao. Nuhu alitazamia nchi kavu, akatuma njiwa, akafungua mlango. Safina isiyo na nchi ya kuteremkia ni jela tu. Wauliza wataalamu: tutamrudishaje? Kanisa na liulize: tutamrudisha wapi? Chura wa Kihansi amerudi katika korongo ambamo mabomba lazima yanyunyize maji mahali pa maporomoko. Yakinyamaza, naye hataishi. Tazameni jinsi jambo ambalo Mungu alilitoa bure, usiku na mchana, tangu milima kuwekwa, sasa lalindwa kwa fedha, na fundi, na mlinzi.

Sasa tumjibu kijana, kwani neno lake ndilo la hatari. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi mlango wa 6, aliwakuta watu wenye hesabu kama yake: ikiwa neema huongezeka palipo dhambi, basi na tuendelee kutenda dhambi. Paulo akalikataa wazo hilo kwa ukali. Sisi Walutheri, tunaohubiri neema ya bure, tulijue kosa hili kuliko wengine wote. Msamaha hauwi ruhusa ya kukosa. Vivyo hivyo ufundi wa kurudisha wanyama, ukitufanya tuseme "kateni tu, vitarudi," utakuwa umeua viumbe wengi kuliko utakaowarudisha.

Na hapa twaungama. Nyuma ya kanisa letu, penye chemchemi, ipo miti mikubwa ambayo wazee wetu waliiacha bila kuigusa. Paa la kanisa lavuja. Baraza la wazee lilishauri miti ile ikatwe, ipasuliwe mbao na boriti. Nasi, mchungaji wenu, tulikubali. Moyoni tulisema: tutapanda mingine. Ndugu, "tutapanda mingine" na "kitakachopotea kitarudishwa" ni neno moja. Kijana alilisema barazani, sisi tulikuwa tumelisema mezani pa baraza, na kalamu mkononi. Ndiyo sababu lilituchoma.

Kwa maana tungalipanda nini? Mikaratusi, ambayo hukua upesi na kunywa maji mengi. Tungalikuwa na miti, tusiwe na msitu. Kama Marekani walivyo na mbwa-mwitu, wasiwe na yule wa kale. Katika milima hii yetu ya Usambara humea juu ya miamba yenye unyevu, kivulini mwa miti ya namna ile, ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul, alipeleka mbegu zake kwao, na leo ua hilo limo katika vyungu madirishani pa watu wa Ulaya na Marekani, wala hawajui Usambara i wapi. Huko ni tele. Huku kwao lapungua kwa kadiri msitu unavyokatwa. Ua lile limepata safina. Swali ni kama sisi tutaliachia nchi ya kuteremkia.

Sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 22, yamruhusu mtu akutaye kiota kuyatwaa makinda, bali yamwamuru amwache mama aende zake. Yaani, tumia matunda, usiue chanzo. Boriti za paa ni makinda. Chemchemi na miti yake ni mama. Wazee wetu wa zamani, hata kabla ya Injili kufika, walilijua hilo, nao walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi Baraza litakapokutana, sisi tutasimama wa kwanza kusema kwamba tulikosa. Boriti tutazitafuta katika mashamba ya miti iliyopandwa, kwa michango yetu, nalo paa litachelewa. Huenda tutalowa masika nyingine moja. Twajua wako watakaonung'unika, nao wana haki ya kusikilizwa, maana mama wazee ndio wakaao chini ya tundu lile. Walakini twawaomba wavumilie pamoja nasi.

Nanyi wainjilisti na waalimu wa Kipaimara, mtakapofundisha fungu la kwanza la Imani katika Katekismo Ndogo, msikae darasani tu. Wapelekeni watoto penye chemchemi au msitu ulio karibu na usharika wenu. Waambieni watuonyeshe viumbe waliopo, mmoja mmoja, kwa majina yao ya Kisambaa na ya Kizigua kama yapo, na kisha waambieni kwamba Mungu aliyewaumba wao ameviumba na hivyo pamoja nao. Anayekijua kitu kwa jina hukilinda. Nuhu hakungoja maji yafike kiunoni ndipo aanze kuchonga mbao.

Na tuombe: Ee Mungu Muumba wetu, utusamehe viumbe wako tuliowapoteza kwa kujua na kwa kutojua. Uwape hekima wale wanaojaribu kuwarudisha, wasijisifu. Utupe sisi toba inayotangulia hasara, tulinde kilicho hai kingali hai, hata siku ile utakapovifanya vyote kuwa vipya wewe mwenyewe, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.