Antoni ni Wangapi?

Mkatoliki wa Korogwe akipoteza funguo, kitambulisho au mbuzi, Antoni anayemkimbilia ni yule wa Padua: kijana katika kanzu ya Kifransisko, mkononi amembeba Mtoto Yesu. Yupo Antoni mwingine, mzee mwenye ndevu ndefu, ambaye wachoraji humwekea nguruwe miguuni. Huyo ni mkaa jangwani wa Misri, aliyefariki mwaka 356, na wafugaji wa Ulaya walimkabidhi mifugo yao tangu zamani. Basi mbuzi aliyepotea ana mawakili wawili.

Handeni na Korogwe zimo katika Jimbo Katoliki la Tanga, ambalo kanisa kuu lake limewekwa chini ya Mtakatifu Antoni. Askofu wake wa kwanza, Eugene Arthurs, aliyeliongoza kuanzia 1958, alikuwa Mrosmini, yaani mwana wa shirika lililoanzishwa na Antoni wa tatu: Antonio Rosmini, padre na mwanafalsafa wa Italia.

Wa Padua hakuzaliwa Antoni. Alizaliwa Lisbon na kuitwa Fernando. Mwaka 1220 alijiunga na Wafransisko katika nyumba yao ndogo karibu na Coimbra, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Antoni wa Misri, akachukua jina la mzee huyo. Alifariki tarehe 13 Juni 1231, na hata mwaka haukuisha kabla Papa Gregori IX hajamtangaza Mtakatifu. Leo mwenye jina lake amefunikwa na aliyeliazima. Waumini wangapi wanaikumbuka Januari 17, sikukuu ya Antoni wa Misri?

Rosmini alikwenda mwendo wa konokono. Vitabu vyake viwili vilipigwa marufuku mwaka 1849, na miaka mingi baada ya kifo chake hoja 40 zilizotolewa katika maandishi yake zikalaaniwa. Roma ilimwondolea lawama hiyo mwaka 2001, na mwaka 2007 akatangazwa Mwenye Heri. Cheo hicho kina mipaka: ibada ya hadhara kwa heshima ya Mwenye Heri hufanyika pale tu inaporuhusiwa, kama vile katika shirika lake, ilhali Mtakatifu huheshimiwa na Kanisa zima. Jina ni lile lile, heshima si ile ile.

Je, anayemwomba Antoni bila kujua ni yupi, sala yake inapotea? Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulifundisha kwamba ni vyema kuwaomba watakatifu watuombee kwa Mungu, na Mungu hakosei anwani. Hata hivyo, kutojali ni yupi kuna hasara yake. Mtakatifu huheshimiwa kwa maisha aliyoishi, na mtu asiyeyajua hayo amebaki na jina tupu.

Uganda inaonyesha hilo vizuri zaidi. Kati ya mashahidi 22 waliotangazwa Watakatifu na Papa Paulo VI mwezi Oktoba 1964, watatu ni akina Mukasa. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kumuua Askofu Hannington wa Anglikana. Adolfu Mukasa Ludigo alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Pamoja naye alikufa Mukasa Kiriwawanvu, ambaye alikuwa bado hajabatizwa kwa maji. Kanisa linasema alibatizwa kwa damu yake. Na Mukasa, kabla ya yote, lilikuwa jina la mzimu mkuu wa Ziwa Viktoria.

Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimtaka paroko amwongezee mtoto jina la mtakatifu pale wazazi wasipompa. Ile ya 1983, kanuni 855, inakataza tu jina lisilopatana na Ukristo. Kwa hiyo mtoto wa Kizigua pale Handeni anaweza kubatizwa Mhina, kama babu yake, na hatakuwa na sikukuu ya somo mpaka Mhina mmoja atangazwe Mtakatifu.